Bei Iandikwe: Niliyojifunza Kuuza Kamera Zilizotumika Nikiwa Lamu

Tangazo la kamera lisilo na bei mimi silijibu. Hata kama ni lenzi ile ile niliyokuwa nikiitafuta, nikiona chini pameandikwa "bei njoo inbox" napita. Najua wengi wanaoandika hivyo hawana nia mbaya. Mmoja anaogopa kutaja kubwa akachekwa, mwengine anaogopa kutaja ndogo akajuta. Lakini wapo pia wanaotaka kwanza waone jina na picha ya anayeuliza, wajue kama ni mgeni aliyefikia Shela au ni kijana wa Langoni, ndipo wapange bei. Hao ndio ninaowakimbia.

Mimi napiga picha kwa kupenda tu, hapa hapa Lamu mjini. Sina duka wala studio. Napiga majahazi, milango ya kuchonga, punda waliosinzia vichochoroni na watu wa nyumbani, na nikialikwa harusini naambiwa nisiisahau kamera. Pesa ya kununua vifaa vipya sina, kwa hiyo kila nikitaka lenzi nyingine lazima niuze niliyo nayo. Nilianza na vyangu. Baadaye wakaanza kuja majirani na jamaa: "Wewe unayajua haya mambo ya simu, nitilie na hii yangu." Nauza kwenye kurasa za mauzo za Facebook, kwenye makundi ya WhatsApp ya wapiga picha wa Pwani, na kwenye status. Niyajuayo kuhusu adabu ya bei nimeyapata humo, kwa kujibizana na watu.

Sokoni kupatana tunakujua. Ukienda kununua mkeka au kikoi, muuzaji hutaja bei ya juu, nawe hutaja ya chini, na katikati mnaulizana hali za nyumbani, mnataniana, mnalalamikia bei ya samaki, mpaka mnakutana mahali. Ile bei ya kwanza si dhuluma. Ni nafasi anayoachiwa mnunuzi ili naye aondoke na ushindi wake. Ukiilipa papo hapo bila neno, unamwacha muuzaji akijilaumu kwa nini hakutaja zaidi.

Kwenye simu hayo yote hayapo. Mnunuzi yuko ndani ya matatu Mtwapa, kidole kinasukuma picha, na amepita matangazo chungu nzima kabla ya kulifikia langu. Nikipandisha bei ili tupate pa kushukia, hatangoja nishuke, atapita. Bei ya juu ambayo sokoni ingetufungulia maongezi, simuni inayafunga kabla hayajaanza. Kwa hiyo naandika bei ninayoitaka kweli, naongeza elfu moja au mbili kwa kitu cha elfu thelathini ili anayependa kupatana asinyimwe raha yake, na naandika wazi: "Inaongeleka kidogo." Nikiandika "Haiongeleki", basi haiongeleki hata kwa ami yangu. Na hii ya ami si mfano. Aliuliza kweli, na alinuna.

Bei yenyewe naitoa wapi? Hapa ndipo ninapowaona watu wengi wakipotea. Mtu ana kamera ya Nikon D7200 anataka kuiuza. Anafungua simu, anatafuta, anaona moja imetajwa 55,000 na nyingine 60,000, naye anaandika 55,000. Hajiulizi kwa nini matangazo yale bado yapo. Kamera iliyopata mtu huondolewa. Zinazobaki kwenye kioo cha simu, wiki baada ya wiki, ni zile ambazo watu wameshaziona kwa bei hiyo na wakazikataa. Ukijipimia kwazo unajipimia kwa waliokwama.

Mimi hufanya kinyume: nayahifadhi simuni matangazo ya watu ya vitu ninavyovitaka au nilivyo navyo, na natazama yapi yanatoweka upesi. Nikiona moja limetoweka, namwandikia mwenyewe: "Assalaam alaykum, samahani kwa kukusumbua, ile kamera ulimalizana kwa ngapi? Nami nina kama hiyo." Wengi hujibu bila shida, maana biashara imekwisha na hawana la kuficha. Kuuliza kabla hakijauzwa ni jambo jingine, hapo unaonekana mpelelezi. Na bei uliyoambiwa kwa siri haipelekwi kwenye kundi.

Hoja ninayoisikia zaidi kutoka kwa wenye vitu ni hii: "Lakini mimi niliinunua laki moja!" Nawaonea huruma, kwa sababu ni kweli waliinunua. Lakini mambo yamebadilika tangu hapo. Mwaka 2018 Canon walitoa EOS R, na Nikon wakatoa Z6 na Z7, kamera zisizo na kile kioo cha ndani kinachoruka kila ukibonyeza. Sony walikuwa wameshawatangulia kwa miaka. Tangu hapo makampuni yameelekeza nguvu zao huko, na zile kamera za kioo, ambazo bado zinapiga picha nzuri kabisa, zimeshuka thamani. Aliyenunua mpya mwaka 2016 hakudanganywa na mtu. Ila bei aliyonunulia ni habari yake yeye, na mnunuzi wa leo hakuwapo. Ndiyo maana sipendi kuiona kwenye tangazo. "Nilinunua 100,000, nauza 70,000" humfanya mnunuzi aone anaombwa kuchangia hasara ya mtu.

Kinachofaa kuandikwa ni hali ya kitu. Kwa kamera, la kwanza ni idadi ya mibonyezo, yaani shata imefunguka na kufunga mara ngapi tangu itoke kiwandani. D7200 imefanyiwa majaribio kiwandani kwa mibonyezo 150,000. Si kwamba ikifika hapo inakufa siku hiyo, kuna zinazopita mbali na kuna zinazoanguka njiani, lakini namba hiyo inampa mnunuzi mahali pa kuanzia. Kwa Nikon ni rahisi: piga picha moja, iangalie taarifa zake kwenye kompyuta, idadi imo. Canon nyingi haziandiki namba hiyo ndani ya picha, kwa hiyo kama huna njia nyingine ya kuisoma, andika tu kwamba haikusomwa. Usikisie. Nimeona watu wakiandika "imetumika kidogo sana" juu ya kamera ambayo alama za vitufe vyake zimefutika kwa vidole.

La pili, na kwetu sisi ndilo kubwa, ni kuvu. Lamu ni kisiwa. Hewa ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na lenzi ikikaa ndani ya mfuko uliofungwa, kabatini, huota nyuzi nyeupe ndani ya vioo vyake kama utando wa buibui. Kuvu hilo hutoa asidi inayokula mipako ya kioo, na likishakula, hata fundi akiisafisha lenzi alama hubaki. Njia ya kulitazama ni kufungua tundu la lenzi mpaka mwisho, kuwasha tochi ya simu upande wa nyuma na kuchungulia kwa mbele. Vumbi kidogo si neno, kila lenzi ina vumbi. Nyuzi ndizo tatizo.

Wanunuzi wa Nairobi wanalijua hili. Swali lao la kwanza kwangu ni, "Hii imekaa Pwani?" Na wakijibiwa ndiyo, bei inashuka kabla hawajaiona. Zamani jambo hili liliniudhi, sasa naona wana haki. Badala ya kubishana, natuma picha ya mahali ninapohifadhi: debe la plastiki la kuwekea chakula lenye kifuniko kisichopitisha hewa, vijipakiti vya kunyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50. Natuma na picha ya lenzi iliyomulikwa tochi. Hapo bei yangu inasimama. Lenzi yenye kuvu naiuza pia, lakini picha ya kwanza kwenye tangazo ni ya kuvu lenyewe, na bei ni nusu au chini ya hapo, kwa wale wanaotaka vipuri au wanaojua kufungua.

Wapo wanaoniambia najiharibia soko kwa kuanza na aibu ya kitu. Kila mtoto aliyepita madrasa anaijua habari ya muuza nafaka ambaye Mtume alitia mkono ndani ya lundo lake, akakuta juu pakavu na chini pamelowa. Kamera nayo ina chini yake. Ile mipira ya kushikia huvimba na kubanduka kwa joto, na mtu akiigandisha kwa gundi akapiga picha upande wa mbele tu, amefanya lile lile. Na huku kwetu hakuna pa kujificha. Niliyemuuzia leo nitamkuta kesho Ndia Kuu, njia yenyewe ni ya kupishana na punda kwa kujibana ukutani.

Sasa tuje kwenye kupatana kwenyewe. Ujumbe wa kwanza ninaoupokea mara nyingi ni neno moja: "Mwisho?" Hakuna salamu, hakuna jina la kitu. Wenzangu wa rika langu hukasirika na kuacha kujibu. Mimi nimeona kwamba kijana huyo hanidharau. Amewauliza wauzaji wengi neno lile lile kwa mpigo, na anangoja atakayejibu. Namjibu kama angenisalimia: "Wa alaykum salaam. Iko, 28,000, nikiteremka sana ni 27,000." Wengi hapo hapo wanabadilika, wanarudi na "shikamoo" ambayo hawakuanza nayo.

Anayenitajia elfu kumi kwa kitu cha elfu ishirini na nane naye simtukani. "Asante, haitafika" inatosha. Nisichokipenda kabisa ni ile tabia ya muuzaji kuyapiga picha maongezi, kuyaweka kwenye status na jina la mtu likionekana, watu wacheke. Kutaja bei ndogo ni kosa la dakika moja, tena huenda ndicho alicho nacho. Kumwanika mtu kwa sababu ya alicho nacho mfukoni ni uovu.

Tukishakubaliana, bei imefungwa. Hili nalisimamia kuliko yote. Kijana mmoja wa Hindi, mji mdogo wa huku kwetu Lamu upande wa bara, tulipatana 28,000 kwa maandishi, akavuka kwa boti kutoka Mokowe kuja kuichukua. Jetini akaikagua, akaipenda, akasema: "Dada, nina 22,000, na nauli imenila." Nauli aliijua kabla hajapanda boti. Nikairudisha kamera mkobani, nikamwambia hakuna ubaya, aje wakati mwengine, nikamuuliza habari za mashamba yao na mvua. Tulikaa tukaongea vizuri tu. Kabla boti ya kurudi haijajaa zile 6,000 zikaonekana kwenye M-Pesa yake. Sikumkasirikia na yeye hakuona haya. Naona aliiona kama mchezo wa sokoni, anajaribu bahati. Ila mchezo huo una wakati wake, na wakati wake ni kabla ya neno "sawa".

Kinachoweza kuifungua bei upya ni kasoro ambayo haikuandikwa. Mnunuzi akiikuta tukiwa tumesimama pamoja, mimi ndiye niliyefungua mlango, na mwenye haki ya kusema kwanza ni yeye. Dini yetu inawapa muuzaji na mnunuzi hiari ya kurudi nyuma mradi hawajaachana, kwa hiyo siharakishi mtu. Namwambia kaa, piga picha, jaribu kila kitufe, toa betri urudishe. Akighairi, tunaachana kwa wema.

Na je, nikishamwambia mtu "ni yako" kisha akaja mwengine na bei kubwa zaidi? Hili limenipata na lilinichoma. Mvulana wa Matondoni alikuwa ameshasema anachukua kwa 28,000 na nikamwahidi kumshikia mpaka kesho yake Magharibi. Usiku ule mtu wa Nairobi akaandika 32,000, pesa anatuma sasa hivi. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mvulana aliipata kwa 28,000, naye hajui mpaka leo. Tangu hapo naandika muda wa kushikia ndani ya ujumbe wenyewe: mpaka lini, na baada ya hapo niko huru. Muda usipotajwa, mwenye kushikiwa huona ameshapata, na muuzaji huona amefungwa kamba.

Ule uongo wa "harakisha, kuna mwengine anaitaka" sitaki hata kuuzungumza sana. Wala ule wa kuwaita marafiki waandike chini ya tangazo, "Eh, bei ya kutupa hii, mimi nisingeiacha!" Kupandisha bei kwa mnunuzi wa bandia kumeharamishwa waziwazi, na kuwa simuni hakukuhalalishi. La karibu na hayo, ambalo watu wema hulifanya bila kufikiri, ni kuandika chini ya tangazo la mwenzako: "Mimi ninayo, nafuu zaidi." Kama unayo, weka tangazo lako. Usiingie dukani kwa mtu ukatangaza la kwako. Na kama bei ya mwenzako unaiona kubwa, nyamaza au mwandikie faragha kwa upole. Soko litamfundisha bila msaada wako.

Arbuni imenipa taabu yake. Mtu anatuma 5,000 ya kushikia, halafu anapotea, kisha anarudi kuidai. Wauzaji wengi huandika "arbuni hairudishwi". Nilipomuuliza mwalimu wetu wa madrasa, aliniambia kwamba kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi huku, kula arbuni ya mtu aliyeghairi hakufai, ingawa Hanbali wanaruhusu. Basi mimi narudisha, nikitoa gharama ya kutuma tu. Wapo walionitumia vibaya kwa hilo. Nimepunguza kwa kutopokea arbuni kabisa kwa vitu vidogo. Anayetaka kulipa kidogo kidogo namtajia bei mbili, ya taslimu na ya mafungu, lakini anachagua moja kabla hatujaachana, na hiyo ndiyo inayoandikwa.

Kuhusu M-Pesa nitasema machache kwa sababu kila mtu ana yake. Bei niliyoandika ndiyo inayoingia kwangu, ya kutolea naibeba mimi mwenyewe. Kudai "na ya kutolea" baada ya kukubaliana ni kupandisha bei kwa mlango wa nyuma. Ukiitaka, iseme mwanzo. Ujumbe wa kweli unatoka kwa jina la MPESA, si kwa namba ya mtu, na kamera haitoki mkononi mwangu kabla sijatazama salio. Kumwambia mtu "ngoja nitazame salio" si kumtuhumu. Mwaminifu hangoji aombwe radhi.

Kisha kuna safari. Lamu tuna shida ambayo watu wa Mombasa hawaielewi: kifurushi kinakuja kwa basi mpaka Mokowe, halafu boti, halafu mtu wa kukipokea jetini. Anayeniuzia kutoka bara namuuliza kabla ya lolote: bei yako ni mpaka wapi? Mimi naandika: "Bei ni mkononi Lamu. Kutuma ni juu ya mnunuzi, kufunga ni juu yangu." Nafunga kwa leso kuukuu na maboksi mawili, moja ndani ya jingine, na risiti ya basi naipiga picha natuma kabla gari halijaondoka. Na tunakubaliana mapema kikivunjika njiani hasara ni ya nani. Swali hilo likiulizwa baada ya kuvunjika halina jibu zuri.

Undugu ndio mtihani. Binamu anataka tripodi kwa "bei ya nyumbani", na bei ya nyumbani haina namba, yeye ana yake kichwani na mimi nina yangu. Nimeishia kwenye msimamo ambao mama yangu anauona mkavu: kwa ndugu ama ni zawadi, ama ni bei iliyoandikwa. Ile nusu nusu ndiyo inayoleta maneno. Niliwahi kumteremshia jamaa mmoja lenzi sana kwa kuwa aliniambia ni ya mtoto aliyeanza kujifunza. Baada ya muda si mrefu nikaiona lenzi hiyo inauzwa kwa bei ya juu, na picha za tangazo ni zile zile nilizozipiga mimi, mpaka kitambaa cha meza yangu kinaonekana. Watu walidhani nimekasirika kwa sababu amepata faida. Hapana. Aliyenunua kitu ni chake, akiuza kwa mara mbili ni jasho lake, na sioni ubaya wowote katika hilo. Kilichonikera ni mtoto ambaye hakuwapo. Na zile picha.

Mambo yakigeuka, mimi nikawa mnunuzi, adabu inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu pale ujuzi unakuwa wangu. Mama mmoja mjane alinitumia ujumbe kwamba ana kamera ya marehemu mumewe na lenzi mbili, anataka 5,000 kwa vyote. Nilipokwenda kuvitazama nikakuta lenzi moja ni ya 85 mm, safi kama imetoka dukani, marehemu alikuwa akiihifadhi vizuri kunishinda mimi. Hiyo peke yake ilikuwa ya kuuzwa mara nyingi zaidi ya alichokitaja. Nimeitamani lenzi hiyo miaka.

Wapo watakaosema bei kaitaja mwenyewe, mtu mzima, hukumlazimisha. Kisheria sawa. Lakini aliitaja kwa kutojua, na aliniita mimi hasa kwa kuwa ninajua. Nikamwambia: "Bi, thamani ya hivi ni kubwa kuliko hiyo. Hii moja tu inaweza kukupa elfu ishirini na tano." Hakuniamini mwanzo, alidhani namfariji. Nikamwonyesha kwenye simu. Nikamwambia naweza kumtafutia mnunuzi nichukue asilimia ndogo ya udalali, au ninunue mimi kwa bei ya haki, nikipewa muda wa kutafuta pesa. Alinishukuru sana, akaniombea dua, akawahadithia jirani zake wote. Kabla sijamaliza kukusanya pesa, lenzi ikawa imeshauzwa kwa kijana mwengine wa mjini, kwa 27,000 taslimu. Huyo kijana hunipita njiani na lenzi yangu shingoni. Naiita yangu kwa utani tu, lakini naiita.

Kinyume chake, bei ndogo mno kutoka kwa mtu usiyemjua ni dalili ya kusimama. Siku za Maulidi mji hujaa wageni, na baada yake hutokea kamera nzuri kwa bei ya ajabu, muuzaji hana chaja, hana mfuko, hajui hata kuiwasha. Kamera iliyopatikana kwa halali kwa kawaida huja na chaja yake. Sheria ya Kenya inamshika na anayepokea mali ya wizi akijua. Mimi naomba namba ya kiwandani iliyo chini ya kamera kabla ya kuzungumza bei, na wengi wa aina hiyo hawanijibu tena.

Limebaki la kadi. Wanunuzi wa kamera hudhani kadi ya kumbukumbu imo ndani ya bei, na kwengine huwa imo. Kwangu haimo, na naiandika kwenye tangazo kwa herufi kubwa. Mimi huitwa kwenye mambo ya kike, hina na kupamba, ambako mlangoni simu zinakusanywa na wanawake wanakaa bila buibui wala mtandio kwa kuwa wanajua waliomo ndani ni wao tu. Wananiamini na kamera yangu. Kufuta picha hakutoshi, maana ipo programu ya kuzirejesha picha zilizofutwa, na hata kadi iliyofomatiwa mara nyingi huwa bado imezishika mpaka iandikwe juu yake. Kwa hiyo kadi zangu sizisafishi nikauza. Zinavunjwa kwa nyundo.

Mnunuzi mmoja wa Malindi hakulikubali hili kabisa. Alisema kwenye picha ya tangazo aliona kadi ikichungulia, kwa hiyo amenunua na kadi, na ameshalipa. Nikaitazama picha, kweli inachungulia. Nikamrudishia 1,200, bei ya kadi mpya dukani, akanunue ya kwake. Akaniandikia kwamba mbona ningempa tu ile ya zamani, yeye hana haja ya picha za watu. Nikamjibu kwamba najua, na pesa zimeshaingia.